Sajenti, Ukoka na Kigari cha Mbolea

Sajenti alikuwa amestaafu, lakini viatu vya nyumbani kwake vilikuwa bado kazini. Kila asubuhi alivipanga mlangoni kwa safu, visigino vikigusa ukuta, kuanzia kikubwa hadi kidogo. Kisha mkewe, ambaye ni fundi cherehani, alitoka na kuvaa cha kwanza alichokigusa kwa mguu. Safu ikaharibika. Hivyo ndivyo siku ilivyoanza katika nyumba ile. Mmoja alipanga, mwingine akapangua, na chai ikanywewa katikati.

Asubuhi moja binti yao alikuja na habari. Tarehe ya harusi yake ilikuwa imepatikana. Ilibaki miezi mitatu.

"Haya, tutakodi ukumbi gani?" mama yake aliuliza. Pini zilikuwa mdomoni, lakini alikuwa amezoea kusema nazo.

"Ukumbi wa nini?" alisema Sajenti. "Uwanja si tunao?"

Wote watatu waligeuka wakatazama dirishani. Mbele ya nyumba kulikuwa na ukoka. Upande mmoja ilipita njia ya mawe. Upande wa pili yalikuwa maua ya mama, na nyuma yake ua mfupi wa miti uliowatenganisha na jirani. Nafasi ya meza ilitosha. Tatizo lilikuwa rangi. Ukoka ulikuwa umepauka kama mkeka uliosahaulika juani.

"Ningependa sana iwe hapa, Baba," alisema binti. "Mama anasema hapo ndipo nilipoanza kutembea."

"Ndipo hapo," alisema mama. "Hatua nne, kisha ukayakalia maua yangu."

Sajenti aliendelea kuutazama ukoka. Siku ya zile hatua nne alikuwa kambini, mbali, akiwafundisha watoto wa watu wengine kutembea.

Jioni alikuja kaka wa mama. Watu wote walimwita Mjomba, hata wasiokuwa na undugu naye. Alikuwa mtu mwema, mwenye sauti kubwa, na alipenda kipaza sauti kama mtoto apendavyo sukari. Katika harusi ya mwisho aliyoshika kipaza sauti, wageni walianza kurudisha viti wenyewe.

"Shemeji, usihangaike," alimwambia Sajenti. "Njooni kwangu. Bustani ipo, taa zipo, spika zipo. Hata hotuba nitatoa mimi."

"Hotuba ya baba wa bibi harusi hutolewa na baba wa bibi harusi," alisema Sajenti.

"Wapi sasa? Kwenye jangwa hili?"

Hapo Sajenti akasimama wima. "Sikiliza. Ukoka huu usipokuwa wa kijani siku ya siku, harusi itahamia kwako. Na hotuba utaitoa wewe."

Mkewe alitoa pini zote mdomoni, moja baada ya nyingine. Alifanya hivyo tu alipotaka kusema jambo zito.

"Umesema nini?" aliuliza.

Lakini Mjomba alikuwa amekwisha kumshika Sajenti mkono, naye anautikisa kwa furaha.

Kesho yake Sajenti alikwenda duka la pembejeo. Alinunua mfuko wa mbolea ya punje, ile ya nyasi. Kisha muuzaji akamwonyesha vigari viwili vya kuitawanya. Vyote vilikuwa na magurudumu mawili, sanduku juu na mpini wa kusukumia.

"Hiki ni cha kurusha," alisema muuzaji. "Chini ya sanduku kuna sahani. Ukisukuma, sahani inazunguka, punje zinaruka mbele na pembeni. Hiki kingine ni cha kudondosha. Punje zinaanguka chini moja kwa moja, katikati ya magurudumu. Sasa, inategemea uwanja wako uko…"

Sajenti aliviangalia kama alivyokuwa akiwaangalia vijana wapya kambini. Cha kurusha kilikuwa kinazungusha kiuno. Cha kudondosha kilikuwa kimesimama wima, mabega sawa.

"Huyu," alisema, akikionyesha cha kudondosha. "Huyu ana nidhamu."

"Mzee, nilikuwa nataka kukueleza kuhusu namba za…"

"Nimeshaelewa, kijana. Fanya kazi njema."

Na akakisukuma hadi nyumbani, barabara nzima, kwa hatua za gwaride.

Alianza kazi mchana huohuo. Alikisimamisha kigari juu ya ukoka, karibu na baraza, mahali ambapo meza ya maharusi ingewekwa. Akamimina mbolea sandukuni. Hakuona kwamba kilango cha chini, kinachoachia punje, kilikuwa wazi. Alipomaliza kumimina, mbolea ya kumshibisha ng'ombe ilikuwa tayari imelala chini ya kigari.

Penye mpini palikuwa na namba za kuongeza na kupunguza mbolea. Alizungusha hadi ya juu kabisa. Askari halishwi nusu sahani, alijiambia.

Kisha akavuta pumzi.

"Mbele, tembea!" alijiamuru.

Akatembea. Mgongo ulinyooka, macho yalitazama mbele, mstari ulikuwa kama umepigwa rula. Alipofika mwisho wa ukoka alijisimamisha. Akapiga mguu. "Nyuma, geuka!" Akageuka kwa ustadi, taratibu, kwa hatua zote zinazotakiwa. Akapiga mguu tena. Muda wote huo kilango kilikuwa wazi, na mbolea ilishuka chururu palepale. Kisha akapima nafasi kwa mkono, kama askari wanavyopimana gwarideni, akaanza mstari mwingine.

Upande wa pili wa ua kichwa cha jirani kilionekana kidogo, kikatazama, kikashuka. Sajenti alikiona, akazidi kunyoosha mgongo.

Jioni alimwagilia maji kidogo, akala, akalala kama mtu aliyeshinda vita.

Baada ya siku chache ukoka ulijibu.

Mkewe ndiye aliyeuona kwanza. Alifungua dirisha, akatulia, akalifunga, akalifungua tena kana kwamba dirisha ndilo lenye makosa.

"Mume wangu," aliita. "Njoo uone jeshi lako."

Ukoka ulikuwa na mistari. Mstari wa kijani kibichi, mstari uliopauka, mstari wa kijani, mstari uliopauka, kutoka mwanzo hadi mwisho. Penye ncha ya kila mstari wa kijani palikuwa na doa la kahawia, la mviringo, lililoungua. Madoa yalisimama kwa safu pande zote mbili, umbali uleule, kama askari walinzi. Na mbele ya baraza palikuwa na doa kubwa kuliko yote, la afisa.

"Safu zimenyooka lakini," alisema Sajenti kwa sauti ndogo.

"Zimenyooka sana," alikubali mkewe. "Mtu akiruka na ndege atazisifu."

Binti alikuja mchana. Alisimama njiani muda mrefu, mkono mdomoni. Sajenti hakujua kama anacheka au analia. Alipoutoa mkono, alikuwa anafanya yote mawili.

"Baba, si kitu," alisema. "Kwa Mjomba pia ni pazuri."

Maneno hayo yalimchoma Sajenti kuliko kama angegombezwa. Usiku alipanga viatu mara mbili.

Mjomba naye hakuchelewa. Alifika Jumamosi na kigari cha kuazima, tena kile cha kurusha, cha kuzungusha kiuno.

"Shemeji! Nilisikia una punda milia, sikuamini!" Alicheka hadi akashika ukuta. "Usijali. Mimi sina kinyongo. Nitaijaza hiyo mistari iliyopauka sasa hivi, tuanze upya."

"Hapana, ngoja kwanza…" alisema Sajenti.

Lakini Mjomba hakuwa mtu wa kungoja. Alimimina mbolea, akafungua kilango, akaondoka mbio. Sahani ikazunguka. Punje zikaruka mbele, kushoto, kulia. Ziliingia kwenye maua ya mama. Ziligonga mlango. Zilivinyeshea vitambaa vya meza alivyovishona mama kwa ajili ya harusi, vilivyokuwa vimeanikwa kambani. Nyingine zilivuka ua kwa sauti ya mvua ndogo.

"We! Vitambaa vyangu!" mama alipiga kelele kutoka dirishani.

"Vitakung'utwa, dada, vitakung'utwa!"

Upande wa pili wa ua kiti kilisogezwa. Kisha lango dogo lililokuwa kwenye ua likafunguka. Akaingia jirani, mama mmoja mtulivu aliyevaa buti za mpira. Mkononi alikuwa na kikombe. Nyweleni alikuwa na punje tatu.

"Samahani kuwaingilia," alisema kwa upole. "Nilitaka kujua nani ananitilia sukari kwenye chai."

Mjomba alisimama ghafla, na kilango hakikufungwa. Chururu.

"Funga hicho kilango kwanza, kaka," alisema jirani. "Hapo ulipo unachimba kaburi la nyasi."

Mjomba akafunga. Jirani akaimwaga chai yake kwenye karai kuukuu, mbali na kuku na watoto. Alisema mbolea si kitu cha kuonja hata kwa bahati mbaya. Kisha akanawa mikono bombani. Wote walijua kazi yake, ila hakuna aliyeikumbuka kwa wakati. Alikuwa mtunza uwanja wa mpira. Nyasi za kuchezea timu nzima zilikuwa mikononi mwake.

"Jirani," alisema Sajenti, "wewe uliniona siku ile nikimwaga. Mbona hukusema?"

"Afande, nilidhani uko kwenye mazoezi. Ulikuwa unapiga miguu na kujiamrisha. Nikasema nisimsumbue mtu na sala zake."

Mkewe alicheka kwanza. Kisha Sajenti mwenyewe akacheka, ingawa hakupenda.

"Haya," alisema. "Nipe adhabu yangu. Nimekosea wapi?"

Jirani alichuchumaa penye doa moja, akalipekua kwa kidole.

"Kigari ulichochagua ndicho kinachofaa," alisema. "Uwanja wako si mkubwa. Kuna maua, kuna njia, kuna jirani anayekunywa chai. Pahali kama hapa ni pa kigari cha kudondosha. Punje zinaanguka unapotaka, haziendi kwa watu. Kile cha kurusha natumia kazini, kwenye uwanja mpana, mahali ambapo hakuna kitambaa cha mtu. Kinamaliza kazi upesi. Hapa kinaleta ugomvi."

"Kwa hiyo nilichagua vizuri," alisema Sajenti, akimtazama Mjomba.

"Ulichagua vizuri. Kwa sababu gani?"

"Kilisimama wima."

Jirani alifikiri kidogo. "Basi na iwe hivyo. Wengine huchagua kwa rangi." Akanyanyuka. "Sasa madoa. Kigari cha aina hii hakijui kwamba wewe umesimama. Kilango kikiwa wazi, kinaendelea kutoa. Kila ulipopiga mguu na kugeuka, uliipa nyasi chakula cha mwezi kwa dakika moja. Mbolea ikizidi inaunguza."

"Na hili doa la afisa?"

"Hapo ulijazia juu ya nyasi. Jazia kwenye sakafu au juu ya turubai, kilango kikiwa kimefungwa. Ikimwagika, unaizoa na kuirudisha."

"Na mistari?"

Jirani alifungua mdomo, lakini mke wa Sajenti alitangulia.

"Mistari naijua mimi," alisema. "Hiyo ni mishono isiyoshikana. Mtu akiunganisha vipande viwili bila kuvipandanisha, katikati panabaki uwazi. Mume wangu aliacha nafasi ya mkono kati ya safu na safu. Ni kwapa la shati lililoachia."

"Sina la kuongeza," alisema jirani. "Gurudumu lipite juu ya alama ya gurudumu la safu iliyotangulia. Vipandane kama anavyosema mama."

Sajenti aliwatazama wote wawili. Miaka yote aliwafundisha watu kuachiana nafasi. Sasa nafasi ndiyo iliyomwangusha.

"Itapona?" aliuliza. Sauti yake haikuwa ya gwaride. "Binti yangu anataka kuolewa hapa."

Jirani alitazama mistari, kisha akamtazama yeye.

"Itapona, Afande. Ila itabidi ukubali kungoja. Ukiongeza mbolea leo, utaua na iliyobaki."

"Kungoja," alirudia Sajenti, kana kwamba amepewa kifungo.

Siku ileile walianza. Walizoa punje za Mjomba, zile zilizoweza kuzoleka. Walifagia njia ya mawe na kurudisha punje mfukoni, zisije zikasombwa na maji hadi mtaroni. Mahali palipoungua walimwagilia maji mengi, polepole, ili mbolea iliyozidi ishuke chini, na wakarudia hivyo siku zilizofuata. Mjomba alipewa kazi ya kukung'uta na kufua vitambaa. Alifua akihutubia ndoo.

Nyasi zilizokufa kabisa hazikurudi. Sajenti alizing'oa, akalegeza udongo, akapanda vipandikizi vya ukoka kutoka nyuma ya nyumba. Kila asubuhi alivikagua. Mkewe alimsikia akiviambia, "Simama sawa, wewe," lakini hakumcheka. Siku za kungoja kwa mujibu wa maelezo ya mfuko zilikuwa nyingi. Mara tatu alikitoa kigari, na mara tatu mkewe alikirudisha.

Hatimaye muda ulitimia. Jirani alikuja asubuhi, nyasi zilipokuwa zimekauka umande.

"Nyasi zikiwa na maji, punje zinanata kwenye majani na kuyaunguza," alieleza. "Mwagilia ukimaliza, si kabla. Haya, namba yako ni ipi?"

"Safari hii nitaweka ya katikati."

"Kwa nini ya katikati?"

Sajenti alifikiri. "Sijui," alisema. Hakuwa amezoea neno hilo, lakini lilitoka bila kumuumiza.

"Basi tupime. Soma mfuko kwanza. Unasema eneo kiasi gani lipate mbolea kiasi gani. Baadhi ya mifuko inakutajia na namba ya kigari. Huu wako haukutaja."

Walitandika turubai kwenye sakafu ya nje. Sajenti aliweka namba ya chini, akasukuma kigari juu ya turubai mara moja. Walipima urefu na upana wa sehemu iliyopata punje. Kisha wakazikusanya na kuzipima kwenye mizani ya jikoni. Zilikuwa chache. Akapandisha namba kidogo, wakarudia. Jirani alitaka wapate nusu ya kipimo cha mfuko.

"Mbona nusu?" aliuliza Sajenti. "Askari halishwi…"

"Atakula mara mbili," alisema jirani. "Nusu ya kwanza utapita kwa urefu wa uwanja. Nusu ya pili utapita kwa upana. Ukikosea mahali kwenye safari ya kwanza, safari ya pili inafunika."

"Kama kufuma," alisema mke wa Sajenti kutoka barazani.

Kwanza Sajenti alimwaga ukanda mmoja wa mbolea kila mwisho wa uwanja, upate kuwa mahali pake pa kugeukia. Kisha akajiweka tayari kwa safu ya kwanza. Mguu wake wa kulia ulinyanyuka wenyewe.

"Afande," alisema jirani.

Mguu ukashuka.

"Tembea kama unayekwenda dukani na hujaitwa. Anza kutembea kwanza, ndipo ufungue. Ukikaribia ukanda wa mwisho, funga kwanza, ndipo usimame. Geuka upendavyo. Hata ukitaka kucheza dansi, cheza, mradi kimefungwa."

Sajenti akatembea. Alifungua akiwa anakwenda. Alifunga akiwa bado anakwenda. Gurudumu lilikanyaga alama ya gurudumu. Hakuna mguu uliopigwa. Mkewe aliacha cherehani akamtazama. Tangu waoane hakuwahi kumwona akitembea kama watu.

Alipomaliza urefu na upana, alifagia njia. Mbolea iliyobaki akairudisha mfukoni na kuufunga. Akakiosha kigari palepale juu ya nyasi, maji yenye mbolea yasije yakaenda mtaroni, akakikausha, akatia mafuta kidogo kwenye magurudumu. Kisha akamwagilia ukoka wote, taratibu.

Safari hii hakukuwa na safu. Ukoka ulikuja wote kwa pamoja, kijani kimoja, hadi huwezi kujua mtu alianzia wapi. Sajenti alitafuta mistari kwa muda mrefu akaikosa. Alihisi kama amepoteza kitu, na kama amepata kikubwa zaidi.

Siku ya harusi Mjomba alifika mapema. Alisimama penye lango, akatazama, akakaa kimya. Hilo lenyewe wageni walilizungumzia.

"Shemeji," alisema mwishowe, "umeshinda. Ila nilikuwa nimeshaandaa hotuba. Ina sehemu saba."

"Ihifadhi," alisema Sajenti. "Ikiiva zaidi utanisomea."

Binti alitoka mlangoni na gauni alilolishona mama yake. Alipofika ukingo wa ukoka alivua viatu. Akaweka mguu mmoja, kisha wa pili, akatabasamu. Sajenti akampa mkono. Walianza kuondoka, na baada ya hatua chache binti akambana mkono kidogo.

"Baba, unapiga gwaride."

"Samahani."

"Twende mwendo wa kigari."

Wakaenda mwendo wa kigari, polepole, hatua sawa, hadi mbele ya baraza, pale palipokuwa na doa la afisa. Sasa palikuwa na meza. Sajenti alipewa kipaza sauti. Alikuwa na maneno aliyoyakariri, lakini hayakuja.

"Mwanangu alipopiga hatua zake za kwanza hapa, sikuwepo," alisema. "Nilisimuliwa tu. Leo nimezihesabu zote."

Akakaa. Ilikuwa hotuba fupi kuliko zote walizowahi kusikia. Mkewe alitumia ncha ya kitambaa cha meza kufutia macho. Mjomba alipiga makofi peke yake kabla ya watu wengine kukumbuka.

Wageni nao walivua viatu, mmoja baada ya mwingine, kwa kumwona bibi harusi. Jirani alivua buti zake. Walikula, wakacheza, watoto wakabiringika kwenye nyasi.

Jioni, watu walipokuwa wanaaga, Sajenti alisimama barazani peke yake. Viatu vilikuwa vimetapakaa ukoka mzima. Kimoja kilikuwa juu ya kingine, kingine kimelala ubavu, buti moja la mpira liko mbali na mwenzake. Hakuna hata viwili vilivyotazama upande mmoja.

Sajenti alivitazama kwa muda. Mkono wake ulishuka kutaka kuokota kimoja. Kisha akaurudisha nyuma ya mgongo.

"Gwaride," aliviambia kwa sauti ya chini, "tawanyika."